Kiti cha Baba

Siku binti alipobandika maneno ya daktari wa meno kwenye tovuti ya mwoka keki, wateja wa keki walisoma kwamba hapo kazi hufanywa kwa ganzi na hakuna atakayesikia maumivu. Mwoka keki alipiga simu, hajui acheke au anune. Binti aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa akitengeneza tovuti tatu kwa mpigo, na kichwa alikuwa nacho kimoja.

Baba yake ndiye aliyemtafutia dawa. Alikuwa seremala aliyekwisha kustaafu, mtaa mzima ukimwita Bila Msumari, kwa kuwa viti vyake vilishikana kwa ulimi na tundu tu. Alimshauri kila kazi aipe kiti chake kwenye meza ya kulia. Akikaa dirishani, awe wa shule ya udereva, mwingine hamjui. Akikaa upande wa jikoni, awe wa keki. Kiti chenye mto kikawa cha meno. Kazi ya mtu haikuchanganyika tena na ya mwenzake, na baba akapata mchezo. Simu ikilia tu, alitangaza, "Bi Hamahama, meno yanakuita," na binti akabeba kompyuta yake na kuhama huku akicheka.

Kiti cha nne, chenye mikono, kilikuwa cha baba mwenyewe.

Naye alikuwa na ombi. Daktari alimwambia ana presha ya macho, kwamba giza litazidi kumbana kutoka pembeni, na kinachopotea hakirudi. Dawa ya matone ingechelewesha tu. Basi baba akataka binti amtengenezee tovuti ya viti vyake. Maisha yake yote viti vile vilikuwa vikitoka mlangoni kimoja kimoja, kwenda nyumba za watu, na hajawahi kuviona vimesimama pamoja.

"Nivione mara moja tu," alisema, "kabla pazia halijafungwa."

Binti alimjibu kwa utani, "Kazi yako ina kiti chake, Baba, ila umekikalia. Ukinyanyuka, naanza."

Utani ule baba aliuchukua kama ahadi. Kila asubuhi baada ya chai alijiinua kwa mikono, magoti yakilia, akaenda kuegemea mlango. Alisema ananyoosha miguu. Binti alikitazama kile kiti kitupu, moyo ukamchoma, halafu simu ikalia. Shule ya udereva inafungua tawi. Mwoka keki ana harusi mfululizo.

"Kesho, Baba."

"Hamna neno. Wateja kwanza."

Mama naye hakukaa bure. Aliwatafuta wenye viti, wakatuma picha kwenye simu ya binti, hata cha mkunga, kile kifupi chenye mgongo wa duara ambacho baba alikipenda kuliko vyote. Mama alipotaka kumwonyesha hicho kimoja, baba aliusukuma mkono wake. Asionjeshwe, alisema, anasubiri sahani nzima.

Mambo ya binti yalinyooka. Hakuna mteja aliyecheleweshewa, na sifa zikamletea mwenye duka la dawa. Huyo alipokuja, binti alitoa kigoda jikoni akakisogeza mezani. Kiti cha baba hakukigusa.

Kisha ikafika asubuhi baba hakunyanyuka. Alikunywa chai, akabaki ameshika ukingo wa meza. Kesho yake vilevile. Binti alidhani amesusa. Siku ya tatu alizima simu, akapiga magoti mbele yake na kumwomba amwachie kiti. Mama alimshika baba mkono na kumpeleka chumbani, polepole, na binti akafanya kazi tangu asubuhi ile mpaka siku iliyofuata, viwiko vyake vikiwa pale ambapo mbao zililainishwa na viwiko vya baba. Alivipanga viti vyote mstari mmoja. Cha mkunga kilikuja karibu na mwisho, kwa kuwa alifuata mpangilio wa picha zilivyoingia.

Baba akarudishwa kwenye kiti chake, kompyuta ikawekwa mbele yake. Chaji ilikuwa imechomoka, kioo kimezima. Binti aliichomeka, akabonyeza kitufe na kusubiri.

Baba aliinama mbele. Kichwa chake kilienda taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anayepita mbele ya safu ya wageni. Akatabasamu.

"Vimependeza, mwanangu. Vimependeza sana. Hata cha mkunga umekitanguliza."

Kioo kilikuwa bado cheusi. Binti alimwangalia mama, na mama akageukia ukutani.

Kidole cha binti kilibaki juu ya kitufe. Mwisho mwanga ukaja, viti vikajitokeza, na baba aliendelea kutabasamu vilevile, hakupepesa.

"Ndiyo, Baba," binti alisema. "Cha mkunga ndicho cha kwanza."

Akanyoosha mkono kupita bega la baba, bila kelele, akaivuta ile picha kutoka mwishoni, akaileta mwanzo wa mstari.