Bata Kwenye Bwawa Safi

Mtunza bwawa wa kiwanda cha matofali hakupenda kusifiwa ovyo, ila usafi wa maji yake alijua ni wa kweli. Kila asubuhi aling'oa magugu na kukokota tope kwa reki ndefu, lisizibe pampu. Tangu mkewe afariki alizidisha kazi, maana nyumba ya ukingoni ilikuwa kimya mno.

Bata mwitu walirudi na mvua kama kawaida. Zamani mkewe ndiye aliyewapenda. Yeye aliwahesabu kuwa wachafuzi. Safari hii alifurahi kama aliyetembelewa na wakwe. Lakini walibinuka kwenye maji ya kina kifupi, mikia juu, wakaibuka midomo mitupu. Mkate aliowatupia hawakuugusa.

"Wageni wako wamesusa," alisema mlinzi wa geti, ambaye wote walimwita Redio. "Labda mapishi yako."

"Wasipopata kitu leo, wataondoka."

"Basi oa, mzee. Bata si watu wa kutegemea."

Mtunza bwawa alikwenda kwenye lundo la magugu aliyoyatupa juzi, akalifunua kwa reki. Chini kulikuwa kubichi: konokono wadogo, mbegu zilizovimba, viluwiluwi vya mbu vikijinyonganyonga kwenye tope. Chakula chote alikuwa amekitoa nje yeye mwenyewe, tena kwa majivuno.

Alileta toroli.

"Unarudisha uchafu?" Redio alishangaa. "Bosi akija?"

"Mwambie nimezeeka. Shika upande huo."

Walimwaga magugu pembeni, mbele ya mlango wake, kwa sababu katikati palikuwa na kina na shingo za bata zisingefika chini. Redio akarudi getini. Mzee akageuza ndoo, akaketi kuwatazama wakila.

Hawakuja. Walielea katikati, wakimkodolea macho. Alipojikuna sikio, walisogea mbali zaidi.

Akaelewa. Alibaki kidogo, kana kwamba huenda wangebadili mawazo, kisha akaingia ndani na kufunga mlango na dirisha.

Baada ya muda akasikia midomo ikichuja tope, sauti laini ya harakaharaka, karibu kabisa na kizingiti. Alitamani kufungua hata upenyo. Mkono ulifika kwenye komeo, akaurudisha. Akakaa sakafuni, mgongo mlangoni, akijitahidi asikohoe.