Mzabibu Usiojua Kuugua

Mama mkwe wangu alitumia miaka kumi na saba kupandisha chavua ya mzabibu huu kwenye ua la ule, mpaka akapata mmoja wa zabibu nyekundu za mvinyo unaoivisha kabla baridi haijakaza, na usioshikwa na ugonjwa wowote. Huku kwetu mlimani hata viatu huota kuvu kabatini, kwa hiyo si jambo dogo. Sasa alitaka kitu kimoja tu: mzabibu uandikwe kwenye daftari la mbegu kwa jina lake, angali hai. Ana miaka themanini na moja na hapendi kusubirishwa.

Mkaguzi wa mbegu akaja na fomu. Akageuza majani yote, hakuona doa.

"Ugonjwa uko wapi?"

"Haupo," mama akasema, kifua mbele.

"Sasa nitajuaje mzabibu umeushinda? Pengine haujawahi kupita hapa."

Nilitaka kumjibu, mume wangu akanikanyaga mguu. Utaratibu, kumbe, ni mzabibu wa kawaida uwekwe ubavuni mwa ule wa mama, uugue sawasawa, ndipo wa mama uhesabiwe mzima. Mume wangu akaenda kwa jirani kuomba mzabibu mgonjwa. Jirani alidhani anakejeliwa, lakini akatoa ulio hoi kuliko yote, ndani ya ndoo, majani yamejaa unga mweupe kama umetoka mashineni kusaga. Mkaguzi akaupiga picha kwa furaha.

"Narudi baada ya wiki sita. Usiguswe."

Hapo ndipo tulipokosea. Mgonjwa tulimwachia mwanamke aliyelea watoto saba na kumuuguza mume miaka tisa.

Wiki ya kwanza maziwa ya chai yakaanza kupungua. Ya pili, kitambaa changu cha kufutia vyombo kikatoweka. Ya tatu nikamkuta asubuhi amechuchumaa mbele ya ndoo, kavaa koti la mwanawe, anafuta jani moja moja kwa maziwa na maji.

"Pole," anauambia mzabibu. "Pole, kesho utaamka vizuri."

"Mama, huo unatakiwa uugue."

"Najua," akasema, na hakuacha. Nikayafungia maziwa kabatini, akanunua yake.

Mkaguzi aliporudi, mzabibu wa jirani ulikuwa umenawiri. Akatazama picha, akatazama ndoo, akatazama fomu, uso ukamng'aa.

"Ulikuwa mgonjwa, sasa ni mzima. Huu ndio ulioshinda ugonjwa." Akaanza kuandika jina la jirani.

Mume wangu akakaa kwenye tope. "Na ule wa mama?"

"Ule haujashinda chochote."

Moyo uliniuma. Mama akinyamaza, wakulima wote wa mlimani wangepewa mzabibu dhaifu. Akisema, jaribio lingefutwa, na kuomba upya ni baada ya miaka minne.

"Niliutibu mimi," akasema. "Kwa maziwa."

Mkaguzi akapiga mstari ukurasa mzima. "Miaka minne basi, bibi," akasema kwa sauti ya chini, akaenda zake.

Mume wangu akainyanyua ndoo airudishe kwa jirani. Mama akaushika mshikio wake.

"Uache hapa."

"Mama, huu ndio umetuharibia kila kitu."

"Uache, nimesema." Akautupia jicho mzabibu wake mwenyewe, mzima, hauna hata doa. "Ule haujanihitaji hata siku moja."