Meli kwenye Kibao cha Chapati

Kifuniko cha birika kiligonga-gonga gizani. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Masika akapapasa, akazima gesi, akawasha mshumaa.

Kesho jioni, darasani, angesimama kueleza historia ya mji mmoja wa pwani ya Uingereza ulioishi kwa kuunda meli, na hakuwa na wa kumsikiliza akijaribu. Mumewe, Karimu, alikuwa kazini Durban tangu Ramadhani. Alikuwepo Samira tu, wa miaka mitano, aliyekielewa Kiswahili chote lakini akijibu kwa Kizulu. Hapo Bellevue, mtaa wao wa ugenini, zilipita siku nzima Masika asisikie neno la kwao Tanga, na alichokitamani kuliko vyote ni binti yake amjibu kwa Kiswahili, hata mara moja.

“Haya, mwanangu, njoo uone.” Akakiinamisha kibao cha chapati, akakipaka mafuta, akaweka kipande cha sabuni juu. “Meli yao waliiunda nchi kavu, kwenye mteremko. Siku ya kuishusha wakapaka mafuta hivi, mji mzima ukaja ufukweni, watoto wakabebwa mabegani. Basi mafundi wakayang'oa magogo yaliyoizuia...”

Samira alikuwa akitazama mshumaa tu. Masika akaona anaongea na kuta. Kidole chake kikabaki kimeizuia sabuni.

“Basi, tuyaache,” akasema kwa upole, akataka kukiondoa kibao.

Mtoto akakishika kwa mikono miwili.

“Mama, meli haijafika majini.”