Ukuta wa Mama Alfred

Mpimaji alikuwa anakuja asubuhi hiyo mtaani kwetu Maisaka, na kati ya nyumba zote zilizotakiwa kupisha barabara, moja tu ilikuwa haijawekwa alama nyekundu. Nyumba ya mama yangu. Na mimi ndiye katibu wa kamati ya barabara hiyo.

Mwanzoni shughuli ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kujisifu. Mtaa wetu ulijengwa holela. Nyumba za nyuma hazifikiwi hata na bajaji, na jirani yetu Zuwena alipopata uchungu wakati wa mvua za mwaka jana tulimbeba kwenye blanketi hadi barabara kubwa. Mtoto hakuishi. Ndipo tukakubaliana kupima viwanja wenyewe na kutoa njia wenyewe, kabla hatujachorewa ramani mezani na watu wasiotujua. Tukatafuta kampuni ndogo ya upimaji, ikatuletea kijana mpole anayeitwa Peter.

Kilichobaki kilikuwa namna ya kuweka alama kwenye nyumba. Siku tuliyokutana kuamua hilo, mama alisimama, na kwa kuwa si mtu wa kusimama mikutanoni, hata waliokuwa wanachezea simu waliziweka chini. Akasimulia Operesheni Vijiji, ile ya serikali kuhamishia watu vijijini kwa nguvu, ilivyomkuta upande wa Singe, yeye bado bi harusi. Asubuhi mgambo walipita na chokaa wakichora kila nyumba, mchana likaja lori. Walianza kuezua nyasi yeye akiwa ndani anakusanya vyombo. Alisema kijiji walikopelekwa kilikuwa na shule na zahanati, sisi wanawe tumesoma hapo, na hilo hajawahi kulikana. Lakini miaka yote hiyo hakuwahi kuiona ile shule kuwa ni yake.

"Waliniletea kitu kizuri," alisema, "wakanipa kama wanavyompa mbuzi majani."

Mkutano ukapitisha kanuni palepale: alama inapigwa na mkono wa mwenye nyumba. Asiyetaka, hapigiwi na mtu. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Niliona tumejifunza kwa yaliyowapata wazazi wetu, na kwamba sisi hatutamfanyia mtu vile.

Kisha mstari wa barabara ukachorwa, ukapita katikati ya sebule ya mama.

Sebule ile aliijenga baada ya baba kufariki, kwa hela ya mbaazi, msimu huu ukuta, msimu ujao bati. Nilimweleza umuhimu wa barabara. Nilimpigia hesabu ya fidia ambayo haikuwepo. Nilimletea kaka yangu Alfred kwenye simu kutoka Arusha. Nililia, na sisemi uongo, nililia machozi kabisa. Kila mara alijibu, "Nimekusikia, Romana," akaendelea kuchambua mboga. Majirani wakaanza kunisalimia nusunusu. Msafiri, mwenye duka linalotazamana na nyumba ya mama, aliniambia kwa upole wake wa kuudhi kwamba katibu asiyemuweza mama yake mwenyewe awaachie wengine kalamu. Usingizi ukaniruka. Nikifumba macho namwona Zuwena kwenye lile blanketi.

Basi asubuhi hiyo mama akaenda kusali jumuiya, mimi nikabaki na kopo la rangi. Nilijiambia atanuna siku mbili, kisha atazoea. Nikachovya brashi. Rangi ikanimwagikia kwenye khanga. Nilikuwa nimepiga mstari mmoja wa ile X, bado wa pili, niliposikia kandambili zake nyuma yangu.

Alisimama na rozari yake mkononi akautazama ukuta.

"Yule wa chokaa naye alikuwa kijana wa kwetu," alisema. "Alikuwa ananiita shangazi."

Wakati uleule kundi likatokea kwenye kona: Peter na tepe yake, wanakamati, watu wa nyumba za nyuma, Zuwena akiwa mwisho. Nikamnong'oneza mama kwamba wamefika, tufanyeje.

"Futa. Halafu niulize."

"Mama, mwezi mzima nakuuliza."

"Umenieleza. Umeniomba. Umenililia. Hujaniuliza."

Nikafuta. Nililowesha kitambaa kwa mafuta ya taa nikasugua mbele ya mtaa mzima, na aibu niliyoiona simwombei adui. Rangi ilikataa kutoka yote, ikabaki doa kama la damu kuukuu. Kisha nikageuka, nikamuuliza kama anakubali barabara ipite hapo.

"Na nikikataa?"

Nilimtazama Zuwena, naye akainamisha macho. Nilitaka kusema chochote kile isipokuwa ukweli.

"Ukikataa," nikasema, "itaishia hapa."

Msafiri akaguna kutoka mlangoni mwa duka lake. Mwanakamati mmoja alianza kusema kitu, mwenzake akamshika mkono. Mama akaketi kwenye kizingiti chake, akawaza, nasi tukiwa tumesimama juani kama wanafunzi waliochelewa. Kisha akamwita Peter amwonyeshe mstari unaanzia wapi na kuishia wapi. Peter akaonyesha. Mama akaufuata kwa macho, akavuka nao upande wa pili wa njia, akauliza mbona umekula kwake tu.

Peter akajikuna kichogo. Alisema ng'ambo kuna baraza la saruji la duka la Msafiri, na alidhani kamati imekubaliana lisiguswe. Kamati ikatazamana. Ramani ile nilikuwa nayo mimi, chini ya godoro langu, nimeiangalia mpaka naijua kwa moyo, na swali hilo halikuwahi kunijia. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumshinda mama.

Mama akanyanyuka, akachukua brashi mkononi mwangu. Akapima kwa nyayo zake kutoka kwenye kona ya nyumba, polepole, mpaka katikati ya kipande ambacho Peter alikitaka. Hapo akapiga X yake, kubwa na iliyopinda. Zuwena alijifunika mdomo kwa mkono. Ilikuwa nusu. Bajaji ingepita kwa shida; gari la wagonjwa lisingepita.

Kisha mama akavuka njia, rangi ikidondoka nyuma yake, akasimama mbele ya Msafiri.

"Baba Amira, mimi nimetoa nusu. Nusu nyingine iko kwako." Akamnyooshea brashi. "Nakuuliza."

Msafiri alitazama baraza lake. Akamtazama Zuwena, akarudi kulitazama baraza. Rangi ilimdondokea kwenye kiatu na hakuifuta. Ulimi uliniwasha kumwambia kubali, kubali baba, unasubiri nini. Nikaung'ata, na kwa mara ya kwanza tangu niwe katibu nikasubiri jibu la mtu mwenye haki ya kukataa.