Mkwe Aliyehubiri Moshi

Ilikuwa Jumapili, tarehe 22 Julai 2001, saa nne na robo asubuhi. Kiangazi kilikuwa kimekolea: vumbi njiani, ukungu ziwani, na baridi iliyowafanya waumini wa Cimpunda, mtaa wa vilimani mjini Bukavu, waingie katika ukumbi wa parokia wamevaa makoti. Mbele yao alisimama Constantin, msaidizi wa somo la jiografia chuoni. Padri alikuwa amemwomba awaeleze kwamba dunia inazidi kupata joto.

Constantin hakuiogopa mada. Aliogopa benchi la kwanza. Hapo aliketi Maman Eulalie, mjane, kiongozi wa wanawake wanaouza makala, yaani makaa ya kupikia, na mama mzazi wa Delphine. Jumamosi iliyofuata ukoo wa Constantin ungekwenda kwake kumposa Delphine. Mlango ulikuwa wake, kuufungua au kuufunga.

"Sema joto," tonton Placide, ami yake na msemaji wa ukoo, alikuwa amemwonya kizingitini. "Joto, joto, basi. Makala usitaje. Mukwe haingiaka kwa batu na maji ya kuzimisha moto."

Constantin akasema joto. Watu wakatazamana na kuvuta kola zao.

"Itafika lini?" aliuliza muzee Akonkwa, ambaye alikuwa amevaa sweta mbili. "Siye tunangojea tangu mwezi wa tano."

Ukumbi ukacheka. Constantin akaeleza tofauti kati ya baridi ya asubuhi moja na wastani wa miaka mingi. Akaeleza jinsi moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri unavyoifunika dunia mithili ya blanketi. Muzee Akonkwa akaomba blanketi hilo lisiondolewe kabla ya mvua za Septemba. Ili kuokoa heshima ya chuo, Constantin akakimbilia mambo ya mataifa: nchi nyingi zilikuwa zimekubaliana kule Kyoto, Japani, kupunguza moshi, na wiki hiyo hiyo wajumbe walikuwa Ujerumani wakiujadili mkataba.

Neno mkataba liliwaamsha hata waliosinzia. Tangu vita vya mwaka 98, Bukavu ilikuwa imesikia mikataba mingi ya amani kuliko mahubiri.

"Waangalizi beko wangapi?" mmoja aliuliza.

"Nani alianza kutupa moshi?" mwingine akadakia.

"Nchi tajiri," alijibu Constantin.

"Na zilisaini?"

"Nyingi zilisaini. Ile yenye moshi mwingi kuliko zote ilisema mwezi wa tatu kwamba imejitoa."

"Tunamujua huyo!" alisema muzee Akonkwa. "Kila mukataba iko na mutu mwenye kutoka kidogo kwenda kukojoa, halafu harudi."

Kicheko kilipotulia, Maman Eulalie akasimama.

"Mwalimu, makala nayo iko moshi?"

Constantin akamtazama tonton Placide. Tonton Placide akatazama dari. Uongo ulikuwa karibu, tena mwepesi, lakini Constantin hakuwa na mazoea nao.

"Ndiyo, Maman. Moshi, na miti inayokatwa."

"Mukataba inaanza kutumika siku gani?"

"Bado. Nchi za kutosha hazijauthibitisha. Labda mwaka ujao, labda baadaye."

"Aksanti."

Akakaza kitenge kiunoni akatoka, na wanawake kumi na mmoja wakamfuata. Benchi likabaki tupu.

"Saa nne ulikuwa na muke," tonton Placide alinong'ona. "Sasa iko saa tano."

Kufikia Jumatano Constantin aliona ajabu. Mitumbwi kutoka Kalehe ilifika imezama hadi ukingoni kwa uzito wa magunia. Wapagazi walipandisha makala katika vilima vya Cimpunda kutwa kucha. Watu waliyaweka chini ya vitanda. Padri mwenyewe alinunua magunia sita. Hotuba ya kupunguza moshi ilikuwa imeujaza mji makala.

Ndipo akaelewa. Kila mara mkataba wa kusimamisha vita ulipokaribia, kila jeshi lilikimbilia kuteka kilima kimoja zaidi, ili amani ilikute pale. Cimpunda ilikuwa imejifunza. Mkataba ukija, teka kilima chako kwanza.

Alhamisi mchana akaenda katika stoo ya Maman Eulalie. Magunia yaligusa bati.

"Maman, mkataba ule hauihusu Cimpunda. Unazibana nchi tajiri. Sisi hatukupangiwa kupunguza chochote."

Maman Eulalie akafunga mlango wa stoo.

"Ulishaambia batu wengine?"

"Bado. Nitawaambia Jumapili."

"Ni lazima?"

"Ni lazima, Maman."

Akayatazama magunia, kisha akamtazama yeye.

"Delphine aliniambia uko mutu wa namna hii. Mi nilidhani anakusifu." Akapangusa mikono. "Mutu mwenye kuharibia mama-mukwe biashara mbele ya posa, huyo hataweza kudanganya mutoto yangu. Jumamosi mukuje. Jumapili useme. Katikati pale, mwalimu, ufunge kinywa."

Jumamosi tonton Placide alizungumza kwa saa mbili bila kunywa maji. Delphine alikubali. Maman Eulalie aliuza magunia yote isipokuwa manne, akapumzika wiki nzima. Jumapili Constantin alieleza ukweli mbele ya watu ishirini. Padri alichemsha maharage kwa magunia yake sita hadi Krismasi. Muzee Akonkwa aliyasikiliza masahihisho hadi mwisho, akaenda kununua magunia mawili zaidi, kwa sababu, alisema, mkataba ukianza kukanushwa ujue uko njiani.