Mawe ya Buluu Juu ya Bati

Bi Mwasiti hakuwa mtu wa kudanganywa, na alipenda watu walijue hilo mapema. Akinunua maharage sokoni, kwanza alitia mkono ndani ya sado la kupimia aone kama halikubonyezwa kitako. Hata mawe yaliyokandamiza bati la nyumba yake pale Majengo aliyapaka rangi ya buluu, ile iliyobaki walipopaka milango ya nyumba, baada ya kushuku kwamba mawili matatu yamehamia kwenye paa la mtu. Marehemu mumewe, Mzee Abdulnasir, ndiye aliyeyabeba kutoka mtoni na kuyapanga, na tangu siku hiyo upepo wa Ufipa haukuwahi kung'oa bati hata moja. Waliocheka mawe ya buluu aliwaambia, "Chekeni, lakini changu nakijua."

Basi mkwewe Sadick alipoingia asubuhi ile kutoka Chala, bila hata kupiga simu, kisha akaligeuza gari lake likaangalia barabara, Bi Mwasiti alijua kuna jambo. Gari la mtu aliyekuja kukaa huangalia ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwema utokako?"

"Kwema, mama. Ila redio imetangaza kuna kimbunga baharini. Huku kwetu utafika upepo mkali na mvua kubwa, leo leo. Nimekuja kuwaangalia."

Bi Mwasiti akatazama juu. Jua lilikuwa linawaka na nepi za mtoto zimekauka kambani.

"Bahari iko wapi na Sumbawanga iko wapi, baba Hasna?"

"Ni mbali, mama. Lakini wamesema utafika."

Kuwaangalia! Alijua mkwe alichokuja kufanya. Binti yake Sauda alikuja kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza, na arobaini ilikwishapita zamani. Ilipokwisha, Bi Mwasiti alisema mtoto ana mafua. Mafua yalipopona, akasema baridi imezidi. Sasa sababu zilikuwa zinamwishia. Ukweli wenyewe hakumwambia mtu: tangu Mzee Abdulnasir afariki, nyumba ilikuwa imemlemea, na kilio cha mjukuu wake Hasna ndicho kilichomrudishia hamu ya kuwasha jiko. Aliogopa kubaki peke yake, na kila aliyeingia kwa lango lile alimwona kama amekuja kumchukulia mjukuu.

Maandalizi yalianza. Sauda alijaza maji kwenye madumu, akaingiza mkaa ndani, akafunika kioo cha kabati kwa kanga kwa ajili ya radi. Magunia ya mahindi yakapandishwa juu ya mbao. Sadick akajaza mchanga kwenye viroba, akaegemeza ngazi nyuma ya nyumba, akapanda. Bi Mwasiti alikuwa anachambua mchele uani huku jicho liko juu, na alichokiona kilimfanya aweke ungo chini. Mkwe alikuwa anateremsha mawe.

"Unayafanya nini mawe ya marehemu?"

"Nayatoa, mama. Upepo ukinyanyua bati, jiwe linamwangukia aliyelala. Kiroba nakifunga kwa kamba mpaka kwenye kenchi, mbao za paa, hakitoki."

"Yamekaa miaka yote hayajamwangukia mtu."

"Ni kweli, mama," Sadick alijibu kwa adabu, akaendelea kuyateremsha.

Angeyatoa yote, labda Bi Mwasiti angenyamaza. Lakini alipomaliza upande wa chumba cha nyuma, alicholala Sauda na mtoto, Sadick alishuka. Upande wa mbele hakuugusa.

"Mbona huku huji?"

Sadick alitazama viatu vyake. "Huko atamalizia Andwele akitoka kazini."

Andwele alikuwa jirani yao, mtu wa Mbeya aliyefanya kazi halmashauri. Muda mfupi kabla ya hapo Bi Mwasiti alikuwa amewaona hao wawili wakinong'ona kwenye uzio, na walipomwona wakakatiza. Haukupita muda Sadick akasimama nyuma ya choo akiongea na simu, tena kwa Kifipa. Bi Mwasiti alizaliwa Ujiji akaolewa huku, na Kifipa chake kiliishia kwenye salamu za sokoni. Alichodaka ni jina la Sauda na jina la Chala. Mtu mwenye jambo la halali hawezi kulisema kwa lugha ambayo mwenye nyumba haijui! Hesabu ikamkamilikia: bati limelegezwa juu ya chumba cha Sauda peke yake, mvua itapenya, Sauda ataogopa, na gari tayari linaangalia barabara.

"Mumeo ana lake jambo," alimwambia binti yake jikoni.

"Mama jamani! Mwenzio anahangaika juani, wewe unamhesabia makosa."

"Simhesabii. Namtazama."

"Ndiyo hayo hayo."

Mchana Sadick alikwenda madukani kutafuta mishumaa na misumari, na Sauda akawa ndani anamwogesha mtoto. Bi Mwasiti akachagua jiwe kubwa kuliko yote, akalifunga mgongoni kwa kanga kama anavyombeba Hasna, akapanda ngazi. Ngazi ilikuwa ndefu, lakini hasira ni ngazi nyingine. Juu ya chumba cha nyuma alifungua kamba, akasukuma kiroba kando, akaliweka jiwe la marehemu mahali pake. "Bismillahi," alisema. Alishuka anahema, amefurahi kama mtu aliyemfumania mwizi.

Upepo ulifika kabla ya magharibi. Vumbi lilitangulia, kisha mikaratusi ya barabarani ikaanza kuinama yote upande mmoja, na Sadick akaingia mbio mvua ikimfuata kisogoni. Andwele alikuwa hajarudi. Umeme ukakatika hata kabla hawajazima swichi.

"Sauda, mchukue mtoto mwende chumba cha nyuma," Sadick alisema. "Mama, na wewe nenda nao. Huko ndiko salama. Mimi nitakaa hapa."

Hapa, yaani sebuleni, chini ya mawe. Bi Mwasiti alimtazama kwa mwanga wa mshumaa, akitafuta hila usoni mwake, na kwa mara ya kwanza hakuiona.

"Kama huko ndiko salama, kwa nini hakumaliza na huku?" alimuuliza Sauda kwa sauti ya chini, maana Sadick alikuwa amekwenda kukaza komeo la mlango.

"Mama, angepandaje juu ya chumba chako? Mkwe akukanyage kichwani? Aliona haya. Ndiyo maana alimwomba Andwele."

Desturi hiyo Bi Mwasiti aliijua vizuri. Sadick angethubutu kusimama kwenye bati la juu ya kitanda chake, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuitangazia Majengo nzima.

"Na ile simu?"

"Alikuwa anaongea na mama yake. Kamwambia wasitungoje Chala, hatuwezi kukuacha peke yako mpaka mvua ziishe." Sauda akainuka na mtoto. "Twende."

"Mlete hapa."

"Sadick amesema—"

"Mlete, nimesema! Huko kuna baridi."

Kusema ukweli alishindwa. Ulimi ulikuwa mzito kuliko lile jiwe. Sauda alimpa mtoto kwa kumridhisha, akakaa kando yao kwenye mkeka huku amekunja uso. Nje bati lilikuwa linapiga kelele. Kisha chumba cha nyuma kikatoa mlio wa kuchanika, ukafuatwa na kishindo kilichotikisa vikombe kabatini.

Wote watatu wakakimbilia kwenye mlango wa chumba hicho. Dari lilikuwa limetoboka na mvua inamwagika ndani. Katikati ya kitanda, juu ya kimto cha Hasna, lilikuwa limekaa jiwe la buluu.

Sauda alipiga yowe, akamgeukia mumewe. "Si ulisema umeyatoa yote?"

Sadick akaliinua jiwe. Akaitazama rangi yake, akatazama juu, kwenye tundu, ambako kamba iliyofunguliwa ilikuwa inaning'inia. Macho yake yakakutana na ya Bi Mwasiti, kisha akayainamisha, kama mkwe anavyotakiwa.

"Hili nililisahau," alisema. "Kosa ni langu."

Tangu siku ya posa Bi Mwasiti alikuwa anamvizia kijana huyu amkamate na uongo, hata mmoja tu, na leo alikuwa amempata. Na kwa vile alivyoumbwa, kwanza alijiuliza: anataka nini huyu? Kisha Hasna akajinyoosha mikononi mwake na kushika pindo la kanga, ile ile iliyobeba jiwe, ambayo bado ilikuwa na chengachenga za rangi.

"Mwongo," alisema.

"Mama!"

"Mwongo mkubwa. Jiwe hili nimelipandisha mimi, mgongoni, kwa kanga hii. Kamba niliifungua mimi." Akaanza kulia mbele ya mkwewe bila kujificha.

Sauda alinyoosha mikono, akamchukua mwanawe kutoka kwa mama yake, akaenda kukaa naye kwenye korido. Bi Mwasiti alibaki mikono imekaa wazi. Sadick ndiye aliyemletea kigoda, akakiweka korido hapo hapo, wakangojea upepo upite.

Asubuhi ilikuja shwari, matope mpaka mlangoni. Andwele alifika na ngazi yake, anaomba radhi kwamba upepo ulimkuta ofisini. Bi Mwasiti alimshukuru, akaipokea ngazi, akamwambia aende zake kazini. Kisha akaiegemeza mwenyewe upande wa mbele, chini ya dirisha lake.

"Sadick, mwanangu."

Hakuwa amemwita hivyo kabla. "Naam, mama."

"Panda. Yashushe yote, hata ya juu ya chumba changu."

"Mama, huko..."

"Nimekuruhusu mimi. Vua viatu, ndipo upande."

Akashika ngazi, naye Sadick akapanda pekupeku, akikanyaga polepole kama yuko msikitini. Mawe yakateremka moja moja, na Bi Mwasiti akayapokea na kuyapanga uani kwa mkono wake. Wakati huo Sauda alitoka ndani na begi lake na furushi la nepi. Alimsalimu mama yake bila kumtazama, akaingia kwenye gari na mtoto, akafunga mlango. Bi Mwasiti angeanzia wapi kumuuliza?

Jiwe la mwisho liliposhuka, Sadick akanawa miguu, akavaa viatu, akaenda kwenye gari. Aliinama dirishani akaongea na mkewe, safari hii kwa Kiswahili, lakini kwa sauti ya chini. Bi Mwasiti angeweza kusogea akasikiliza. Alibaki pale pale, mikono kwenye ngazi.

Injini ikawaka. Gari likarudi nyuma kwenye matope, likazunguka ua polepole, likasimama likiangalia ukuta.