Usingizi wa Rejareja

Sauti Yasini aliirithi, majigambo aliyatafuta mwenyewe. Marehemu baba yake alikuwa muadhini wa msikiti mdogo wa mtaa wao, pale Ngamiani mjini Tanga, na alipofariki kipaza sauti kikapita kwa mwanawe kama mnazi unavyopita kwa mrithi. Hakuna aliyeuliza. Watu waliisikia sauti ya baba imerudi ikiwa changa zaidi, wakaendelea kutawadha.

Mchana Yasini alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa na kibanda cha bati kando ya barabara, na nyuma yake stoo ya matofali isiyo na dirisha, alimoweka rimu, minyororo na tairi kuukuu. Baada ya kazi alitunga mashairi. Vina na mizani alivijua kwa kusikiliza redio na kuhesabu kwa vidole vyenye grisi. Hakuwa na mwalimu, na kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumwambia basi, hapo yatosha.

Lilikuwapo kundi la washairi la WhatsApp, lenye watu kutoka Horohoro mpaka Mkwaja. Siku chache kabla ya Ramadhani, Zubeiri, muuza mchele wa Pangani aliyeanza kutunga Yasini akiwa bado anatambaa, alituma ubeti kwa sauti yake nzito:

Fundi wetu Ngamiani, majigambo kayajaza,
Beti zake za thamani, kuzihesabu naweza,
Ni mbili kama mwendoni, tairi zinapocheza,
Ya tatu akiongeza, nami nitamuamini.

Kundi zima likacheka. Yasini alikuwa amepiga magoti anaziba pancha. Hakungoja hata gundi ikauke. Akabonyeza simu kwa kidole gumba na kusema: "Zubeiri, nisikilize. Idd Mosi nitakuja hapo Pangani na beti mia, nizisome mbele ya baraza. Ikipungua hata moja, nitakuita mwalimu wangu watu wote wakisikia, na humu ndani sitafungua mdomo mpaka Ramadhani nyingine."

Zubeiri akajibu kwa neno moja. "Tumesikia."

Neno likishatoka halina lijamu. Jioni ile Yasini aliketi kupiga mahesabu ya muda wake, akaona hana. Alfajiri msikitini, asubuhi kibandani, jioni msikitini tena, usiku tarawehe. Kilichobaki ni usingizi, na usingizi ndio uliokuwa unakula sehemu kubwa bila kulipa chochote.

Dawa aliipata kwenye simu. Kulikuwa na bwana mmoja akieleza kwamba mtu si lazima alale kwa mkupuo. Aukate usingizi vipande viwili, kimoja usiku na kingine mchana, vyote vifupi, na mwili utazoea. Masaa yaliyobaki ni faida. Yasini akaisikiliza mara mbili. Kipande cha usiku akakipanga baada ya tarawehe. Kisha angeamka kutunga mpaka daku na adhana ya alfajiri, na hapo afungue kibanda moja kwa moja. Kipande cha pili akakipanga baada ya sala ya alasiri, wateja wakishapungua.

Alimweleza bibi yake, Bi Mwanaima, aliyemlea tangu mama yake alipoolewa Pemba. Bi Mwanaima alikuwa mtu wa Mtang'ata, mfupi, mwenye ulimi. Jicho moja lilikuwa limekufa, na la pili lilitofautisha taa na giza tu, tena kwa shida.

"Mchana lala," alisema. "Adhuhuri inapokaribia, lala, ni sunna. Alasiri usilale. Anayelala alasiri huamka na mwenziwe."

"Mwenziwe nani, bibi?"

"Wazimu. Unaamka hujui umelalia ubavu upi wala siku ipi. Usinicheke, mume wangu. Babu yako aliwahi kuamka magharibi akaniuliza mimi ni nani."

"Labda alikuwa anatafuta njia ya kuoa wa pili."

"Angeipata njia ya kaburini."

Wakacheka, na Yasini akaamua kulala stoo, ambako bibi hatajua.

Luka, Mbondei wa Muheza aliyeshona viatu kibanda cha pili, ndiye aliyeliona jambo zima tangu siku ya kwanza. Alimtazama Yasini akitandika boksi juu ya tairi.

"Sasa ustadhi, unalala rejareja?"

"Napata muda wa ziada."

"Sisi wengine tunanunua kwa jumla. Bei ya rejareja huwa juu, shauri yako."

Mwanzoni mambo yalikwenda. Kimya cha kabla ya daku kilikuwa kizuri mno. Vina vilikuja vyenyewe, na Yasini alijiona amegundua chumba kingine ndani ya nyumba aliyozaliwa. Beti zikapita nusu. Kundini alikuwa akituma picha ya kalamu bila maneno, ili Zubeiri asilale vizuri.

Ramadhani ilipofika katikati, mikono ikaanza kumsaliti. Akafunga gurudumu la nyuma bila mnyororo, mteja akapanda na kukanyaga pedeli hewani. Akajaza upepo tairi moja huku anatafuta kina cha "kengele", mpaka tairi ikapasuka na Luka akarusha kiatu cha mtu barabarani. Yasini alisema ni joto.

Siku yenyewe aliyoiharibu ilikuwa siku ya kawaida. Alisali alasiri, akaingia stoo, akavuta mlango. Simu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha, alikuwa ameitumia kuandikia tangu usiku, ikaisha chaji bila yeye kujua. Luka akafunga vitu vyake akaenda zake.

Yasini alizinduka mwenyewe, gizani, shingo imekakamaa. Hakusikia gari wala mtu. Akasukuma mlango. Nje kulikuwa na mwanga wa kijivu, ule usio wa usiku wala wa mchana, na barabara nzima haina hata paka. Milango imefungwa. Kutoka ndani ya nyumba zilitoka harufu za chakula. Alfajiri, alijisemea. Watu wanamalizia daku, nami nimelala usiku mzima humu stoo kama mlevi, na adhana imenipita.

Akakimbia. Aliruka mtaro, akapita bombani akatawadha chapuchapu, maji yanamchuruzika. Koo lilikuwa limekauka, akayatazama maji yale kwa uchungu, akayaacha. Muda wa kunywa umekwisha. Uani mwa msikiti aliwaona watu wameketi kwenye majamvi, na Maalim Hatibu, imamu wao, akiwa tayari amekishika kipaza sauti. Maalim alipomwona akamkabidhi haraka, kwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Yasini akaadhini. Aliadhini vizuri, kwa sauti ya baba yake, na alipomaliza kuita watu kwenye kufuzu akavuta pumzi na kusema maneno yale ambayo katika adhana tano ni ya adhana ya alfajiri peke yake: sala ni bora kuliko usingizi. Akayasema mara mbili, kama inavyotakiwa, na ya pili akaiburuta kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe ilimchoma.

Alipogeukia uani aliwakuta watu wametulia kama picha. Kila mmoja alikuwa na tende, wengine mkononi, wengine shavuni. Hakuna aliyetafuna wala aliyemeza.

"Jamani," akasema Yasini, "mnakula nini tena? Adhana imeshatoka."

Akamgeukia aliye karibu naye.

"Massoud, tema hiyo. Utafunga vipi na mdomo umejaa?"

Massoud, muuza samaki, alitoa kokwa mdomoni akaitazama. "Nimetema kokwa. Tende yenyewe imeshakwenda. Kwani, Yasini, tunafunga ya leo au ya kesho?"

"Ya leo."

"Ya leo nimeimaliza sasa hivi."

Maalim Hatibu akamgusa bega. "Mwanangu, tazama kule." Alinyoosha mkono upande wa bara, ambako mbingu ilikuwa nyekundu nyuma ya mapaa. "Jua limeanza lini kuchomozea Muheza?"

Yasini akatazama. Wekundu ulikuwa unafifia. Kichwani mwake siku ikageuka, pole pole, kama baiskeli inavyopinduliwa kusimama kwa tandiko, na kila kitu kikakaa mahali pake pa kweli.

Kicheko kilipoanza kilianzia kwa Massoud kikazunguka ua mzima. Mzee mmoja alipaliwa akapigwa mgongo. Yasini alisimama wima. Massoud akamtilia tende mkononi. "Kula, bwana. Umetufungisha na kutufuturisha kwa pumzi moja, hujapata kutokea muadhini wa namna hii."

"Haya, kimu sala tusali," alisema Maalim. "Watu wana njaa. Na isha utaadhini wewe huyo huyo, ili wapate kusahau."

Ikawa imekwisha. Hakuna aliyemkaripia. Njiani kurudi nyumbani Yasini alikuwa ameshaanza kutunga jibu, maana alijua kabla ya tarawehe habari itakuwa Pangani. Alitaka ubeti mkali, wa kuonyesha kwamba anayekesha kwa kazi ana haki ya kukosea kuliko anayelala kwa uvivu. Kina cha kwanza alikuwa nacho mdomoni alipofungua mlango.

Bi Mwanaima alikuwa ameketi juu ya mkeka, ameegemea ukuta, tasbihi mapajani. Mbele yake futari aliyoletewa na Asmahani, jirani yao, ilikuwa bado imefunikwa kawa. Juu ya kawa palikuwa na tende moja, imeumwa nusu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeshasali alfajiri?"

Yasini akabaki mlangoni.

"Nilisinzia hapa hapa," aliendelea, kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nangoja magharibi. Nikakusikia unaanza, nikauma tende. Kisha ukasema sala ni bora kuliko usingizi. Nikaitema. Nikajua nimelala usiku kucha, futari imenipita, daku imenipita. Nikanuia nikafunga hivyo hivyo. Ila leo sijui kama nitafika jioni. Kichwa kinanizunguka."



"Bibi, hukuwasikia watoto nje? Hukusikia watu wanakula?"

"Niliwasikia. Nikasema watoto wa siku hizi hawalali. Ulitaka nisadiki watoto, nikukadhibishe wewe?"

Yasini akapiga magoti, akamimina maji, akamwekea gilasi mdomoni. "Kunywa, bibi. Ni magharibi. Bado ni leo."

Midomo ya Bi Mwanaima ikagusa gilasi ikarudi nyuma. "Una hakika?"

Swali hilo hakuwa amewahi kumuuliza. Tangu macho yalipomwacha, Yasini akisema alfajiri, ilikuwa alfajiri. Hakuwa na saa nyingine ndani ya nyumba.

"Nina hakika, bibi."

Akanywa. Akanywa tena. Yasini alimlisha uji, kisha muhogo wa nazi, kijiko kwa kijiko. Aliposhiba akajifuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Ulilala alasiri."

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Stoo."

"Haya," alisema Bi Mwanaima, na hakusema zaidi, jambo ambalo kwake yeye lilikuwa kali kuliko tusi.

Simu ilipopata chaji Yasini akazifungua beti zake na kuzisoma kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu aliyekwisha amka. Ubeti wa kengele ulikuwapo mara tatu, kwa vina vile vile, na kila mara alikuwa ameuandika akiamini ni mpya. Ulikuwapo mwingine usio na mwisho. Zile nzuri zote zilikuwa za siku za kwanza. Akafikiria siku zilizobaki. Kwa kukesha, mia zingefika, hata kama nyingine zingekuwa za kujaza. Kwa kulala, zisingefika.

Akabonyeza kundi. Pangani walikuwa wameshaipata habari, na vicheko vilikuwa vimejaa. Hakuvijibu. "Zubeiri," alisema, "mia hazitatimia. Idd nitakuja na nilizonazo, na ahadi yangu iko pale pale."

Zubeiri akatuma sauti fupi, bila vina. "Nenda kalale, kijana."

Tangu usiku ule Yasini alilala kwa jumla, na Bi Mwanaima ndiye aliyemwamsha kwa daku, kwa kumvuta kidole gumba cha mguu. Idd Mosi alikwenda Pangani pamoja na Luka, akasoma beti zake, akamgeukia Zubeiri mbele ya baraza na kumwita mwalimu wangu. Neno lilimkwaruza koo kama mwiba wa changu, lakini alilitoa zima. Baadaye njiani alimwambia Luka kwamba kama Ramadhani ingekuwa ndefu kidogo angeshinda, na Luka akakubali, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu na hakutaka ubishi.

Lililomkaa ni jingine, nalo alilipata kwa Asmahani kabla hata Ramadhani haijaisha. Zamani Bi Mwanaima alikuwa akitia tende mdomoni kwa takbira ya kwanza ya mjukuu wake. Sasa aliishika mkononi. Alingoja adhana nzima, neno kwa neno, mpaka la mwisho likatike, ndipo akauma.

Yasini hakumuuliza, na bibi hakusema. Lakini waumini walianza kuona kwamba muadhini wao, aliyezoea kuiburuta sauti ili mtaa mzima umsikie, siku hizi magharibi anaadhini kwa haraka.